Usiliunguze Dirisha

Kanisa kuu la Chartres, kusini-magharibi mwa Paris, humtega kila anayeingia na kamera. Ndani kuna giza, lakini madirisha yanawaka. Kioo kinachopokea mwanga wa anga kinaweza kuwa king'avu mara elfu moja, pengine zaidi, kuliko kona ya ukuta iliyo chini yake. Jicho halishindwi na tofauti hiyo kwa kuwa halitazami vyote kwa pamoja: hupanda dirishani, likatulia, likashuka ukutani na kuzoea upya. Kamera ya kawaida hupata nafasi moja tu, na mwenye kamera hana budi kuchagua. Wengi huchagua jiwe. Huongeza mwanga mpaka nguzo, viti na altare vionekane sawasawa, na madirisha yakabaki matobo meupe. Yameungua, kama wasemavyo mafundi wa picha. Naona uchaguzi huo umekwenda kinyume. Katika kanisa la namna hii dirisha ndilo la kupewa haki yake kwanza, na jiwe lipate kinachosalia.

Ushahidi wa kwanza ni jengo lenyewe. Kanisa lililotangulia liliungua mwaka 1194, na waliolijenga upya walikuwa na jambo moja walilolitafuta kwa kila hila: nafasi ya vioo. Waliacha roshani nzito za juu zilizokuwa kawaida ya makanisa makubwa ya wakati ule. Mzigo wa dari ya mawe, iliyo juu kiasi cha meta 37, waliutoa nje na kuutwika matao ya kuegemeza. Ukuta ulipopunguziwa kazi ya kubeba, wakautoboa bila woga, hata madirisha ya juu yakakaribia kulingana kwa urefu na matao ya chini. Leo vioo vya rangi vya Chartres vina zaidi ya meta za mraba 2,000, na sehemu kubwa ni ya karne ya 12 na ya 13. Nguzo zote zile zimesimama kwa ajili ya vioo. Picha inayozionyesha nguzo vizuri na kuvifuta vioo imepiga kiunzi.

Mfano mzuri uko upande wa kusini, kwenye dirisha la Bikira Maria liitwalo Notre-Dame de la Belle Verrière. Vioo vyake vya katikati ni vya mnamo 1180. Viliokoka moto ule, vikazungushiwa malaika wa karne iliyofuata. Maria ameketi amempakata Mtoto, vazi lake la buluu ya mpauko, nyuma yake nyekundu nzito. Mpigapicha akiongeza mwanga ili kuusaidia ukuta, cha kwanza kupotea ni vazi, kwa sababu ndilo jepesi kuliko vyote. Buluu inafifia, inakuwa maziwa, kisha haipo, ilhali nyekundu ya pembeni bado inaonekana. Mtazamaji anabaki na fremu ya rangi inayomzunguka mama asiye na nguo ya rangi yoyote. Flashi nayo haisaidii. Kioo cha rangi huishi kwa mwanga unaopenya kutoka nje. Ukikimulika kutoka ndani kinageuka kijivu, kikaonyesha risasi iliyounganisha vipande na vumbi la miaka. Huko darini mwanga wa flashi haufiki kabisa.

Mazoea ya kuunguza madirisha yana historia yake, na nadhani tumeyarithi bila kuyahoji. Mwaka 1851 serikali ya Ufaransa iliwatuma wapigapicha watano kuzipiga picha kumbukumbu za majengo ya nchi. Mmoja wao, Henri Le Secq, alifanya kazi kubwa ya kupiga sanamu za nje za Chartres. Ndani kulikuwa kugumu zaidi. Karatasi na bamba za zama hizo zilipokea mwanga polepole mno, tena zilihisi buluu kupita kiasi huku nyekundu zikiikosa. Kioo cha buluu kilitoka cheupe na chekundu kikatoka cheusi. Vitabu vingi vya makanisa vikachapwa hivyo, na macho yetu yakazoea kwamba dirisha la kanisa ni weupe mtupu. Ugonjwa huo kamera ya kidijitali haina. Ina wake: kihisi chake ni kama ndoo, ikishajaa, kinachomwagika hakizoleki. Mwanga uliopita kiasi hauna cha kurudishwa, bali kivuli kilichokaa chini kinaweza kuinuliwa baadaye. Kwa hesabu hiyo tu, anayepima mwanga kwa kufuata dirisha anabakiwa na njia, na anayepima kwa kufuata ukuta amejifungia.

Kuna atakayesema ubishi huu umepitwa na wakati, maana simu ya leo hupiga fremu kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha, dirisha lake na ukuta wake. Kuunganisha si kosa. Kosa ni kusawazisha. Picha nyingi za namna hiyo huonyesha dari inayong'aa sawa na kioo, nguzo zimezungukwa na ukungu mweupe, na mtazamaji hajui tena mwanga unatoka wapi. Mwenye kuziunganisha fremu zake aache dirisha liwe ng'avu kuliko kila kitu kingine katika picha. Vivuli aviinue kidogo tu, mtu aweze kutambua kwamba pale pana nguzo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Chartres kwenyewe. Ukarabati wa ndani ulioshika kasi tangu 2009 uliondoa masizi ya mishumaa, taa na majiko ya kupasha joto, na chini yake ikaonekana lipu ya kale ya rangi ya udongo wa manjano, iliyochorwa mistari myeupe kuigiza viungo vya mawe. Giza lililosifiwa na wasafiri lilikuwa uchafu kwa sehemu kubwa. Hata Bikira Maria wa Nguzo, aliyejulikana kwa weusi wake, alitoka mweupe. Mwaka 2014 mhakiki wa Kimarekani Martin Filler aliushambulia ukarabati huo vikali, na wengine wakalalamika kwamba kuta hizo za rangi nyepesi zinavipunguzia vioo makali. Katika hilo la makali wana hoja, kwa kuwa ukuta wa rangi nyepesi hurudisha mwanga na kupunguza tofauti. Lakini kwa mpigapicha hiyo ni nafuu: ukuta uliosafishwa unajionyesha wenyewe hata akipima dirisha. Sababu ya kuliunguza imepungua.

Nakubali mahali pamoja tu pa kufanya kinyume. Ukuta wa mawe unaozunguka sehemu ya kwaya, ulioanzwa na Jehan de Beauce mwaka 1514, una sanamu takriban 200 za maisha ya Maria na Yesu, na mikunjo ya nguo zao haionekani bila kupimiwa mwanga wake. Hapo pima jiwe, na usogeze lenzi mpaka dirisha litoke nje ya fremu.