Kuisoma Ramani ya Uhalifu Mtaani

Tangu mwaka 2011, mkazi wa England na Wales anaweza kutazama, bila malipo, makosa yaliyoripotiwa polisi mtaani kwake. Takwimu hizo hutolewa kila mwezi na kuonyeshwa kwa nukta kwenye ramani.

Nukta haiwekwi penye nyumba hasa ya aliyeibiwa. Husogezwa hadi mahali palipochaguliwa tangu awali, penye anwani zisizopungua nane, au pasipo na anwani yoyote, kama vile bustani. Hivyo umma hupata habari, na aliyedhulumiwa huhifadhiwa siri yake.

Hata hivyo, msomaji wa ramani hana budi kutahadhari. Kwanza, mtaa wa maduka na vituo vya mabasi hupokea wageni wengi, ilhali wakazi wake ni wachache. Makosa yake yakigawanywa kwa idadi ya wakazi peke yao, mtaa huo utaonekana mbaya kupita kiasi.

Pili, ramani huonyesha makosa yaliyoripotiwa, wala si yote yaliyotendeka. Ndiyo maana tangu mwaka 1982 umekuwapo uchunguzi unaowauliza watu majumbani kama wametendewa uhalifu, wawe waliripoti au hawakuripoti.

Basi uchache wa nukta si lazima uwe dalili ya amani. Huenda wakazi wamekata tamaa ya kusaidiwa, wakanyamaza. Na mtaa unaoanza kuripoti huweza kudhaniwa umeharibika, kumbe wakazi wake wameanza kujenga imani.