Kimeng'enya na utando wa kirusi cha surua

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja chakula tumboni. Elimu ya viumbe imelipanua: kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia, kama kukata au kuunga molekuli, bila yenyewe kwisha. Tukiushika ufafanuzi huu barabara, je, utando wa nje wa kirusi cha surua, au ukambi, una kimeng'enya?

Juu ya utando huo, ulio wa mafuta, zimesimama protini mbili, H na F. H hushikamana na seli. F huuunga utando wa kirusi na ule wa seli, kirusi kikapata kuingia. H ni kifupi cha hemaglutinini, kwa kuwa protini hiyo hugandamanisha chembe nyekundu za damu ya tumbili.

Kirusi cha mafua kina katika utando wake kimeng'enya kiitwacho nyuraminidasi. Cha matubwitubwi, ndugu wa surua kwa ukoo, kinacho vilevile. Hivyo viwili hushika asidi sialiki, sukari iliyo juu ya seli, kisha kimeng'enya huikata ili virusi vipya visinaswe. Kirusi cha surua hakiishiki sukari hiyo, bali protini za seli: SLAM, iliyotambuliwa mwaka 2000, na nektini-4, mwaka 2011. Basi H haina haja ya kukata. F nayo haifanyi kazi mpaka ikatwe vipande viwili, lakini kinachoikata ni furini, kimeng'enya cha seli yenyewe. Kisu ni cha mwenye nyumba, si cha mgeni. Polimerasi, kimeng'enya ambacho kirusi huja nacho, imo ndani, chini ya utando.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Oseltamiviri, dawa inayozuia nyuraminidasi ya mafua, haina cha kuzuia katika surua. Kinga imo katika chanjo, inayoufundisha mwili kutengeneza kingamwili za kuikamata H kabla haijaishika seli. Nchini Kongo, mlipuko ulioanza mwaka 2018 na kutangazwa kwisha Agosti 2020 uliua watoto zaidi ya 7,000. Kwa hiyo mwalimu au muuguzi anayewaeleza wazazi kwa Kiswahili asiiite H kimeng'enya. Aiite kishikizi: wazazi wataelewa mara moja kwamba chanjo huja kukizuia kisishike.