Kiingereza kianzie kwenye adabu

Mwalimu akiingia darasani katika shule ya msingi, watoto husimama wote kwa pamoja na sauti inapaa hadi nje ya madirisha: "Good morning, teacher!" Akiwajulia hali, jibu hutoka kwa mkupuo mmoja, bila kigugumizi na bila mtu kutafuta neno: "We are fine, thank you, teacher, and how are you?" Hicho ndicho Kiingereza fasaha kuliko chote kinachosikika katika shule nyingi za Tanzania. Dakika chache baadaye mwalimu huyohuyo akimwinua mtoto mmoja na kumwuliza kwa Kiingereza alifanya nini jana jioni, darasa zima hutazama chini.

Akili ya mtoto haijabadilika ndani ya dakika hizo. Salamu ameitamka asubuhi baada ya asubuhi tangu alipoanza kujifunza lugha hiyo. Jibu la swali la pili anatakiwa aliunde papo hapo, peke yake, mbele ya darasa lililojaa, kwa kanuni za sarufi alizonakili ubaoni. Anayetaka vijana wa Kabungu wazungumze Kiingereza kwa uhakika aiangalie salamu hiyo kwa makini, kwa sababu inaonyesha njia inayofanya kazi. Kosa ni kwamba shule zimeiacha iishie kwenye salamu.

Kabungu ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, wilaya ambayo wengi bado huiita Mpanda Vijijini. Mkoa wenyewe ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Ukanda huu haujawahi kuwa na njaa ya lugha. Wapo Wabende, Watongwe, Wapimbwe na Wakonongo na lugha zao. Wapo Wasukuma waliohamia na mifugo yao. Na huko Mishamo, ndani ya wilaya hiyohiyo, kuna Kirundi cha familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, ambazo nyingi zimepewa uraia wa Tanzania. Kiswahili kinawaunganisha wote sokoni, zahanati, kanisani na msikitini. Mtoto wa huku hubadilisha lugha mbili au tatu kwa siku wala haoni kama amefanya jambo gumu. Anachokosa ni mahali pa kukisikia Kiingereza kikisemwa na mtu mwenye shida naye: anayemwomba kitu, anayemwuliza njia, anayemshukuru.

Kukosa huko kunamgharimu akifika kidato cha kwanza. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari zimebaki kwenye Kiingereza. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza 2004 ulisogeza shule hadi kwenye kata, na kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Milango ilifunguka, jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa mkulima wa tumbaku au mahindi anayeingia mlango huo hukutana na baiolojia, jiografia na fizikia kwa lugha ambayo hajawahi kuombea hata maji ya kunywa, akiwa amepewa wiki chache tu za kozi ya utangulizi ambayo wanafunzi huiita "baseline".

Tatizo hilo halikugunduliwa juzi. Mwaka 1982 tume ya elimu ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985, na serikali haikulichukua pendekezo hilo. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, waliwapima wanafunzi nchini na kuona kwamba Kiingereza cha wengi wao kilikuwa chini sana ya kiwango kinachohitajika kusomea masomo mengine. Wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameendelea kuitetea hoja ya Kiswahili kwa miaka mingi, tena kwa sababu nzito. Mjadala huo uendelee. Mwanafunzi aliyeko darasani leo, hata hivyo, hawezi kungoja uamuliwe ndipo afungue mdomo.

Hapo ndipo maneno ya adabu yanapoingia. Mwaka 1983 wanaisimu Andrew Pawley na Frances Syder walijiuliza inawezekanaje mtu azungumze lugha yake harakaharaka bila kusita, ilhali akili haiwezi kupanga sentensi ndefu mpya kila mara. Walihitimisha kwamba mzungumzaji hodari amehifadhi kichwani maelfu kwa maelfu ya mafungu ya maneno yaliyo tayari. Hayaundi upya, anayachukua tu, kama fundi anayejenga kwa tofali zilizokwisha kuchomwa. Nafasi anayookoa ndiyo anayoitumia kufikiria neno gumu linalofuata.

Miaka michache kabla yao, Lily Wong Fillmore alikuwa ameonyesha jambo hilohilo kwa watoto. Katika utafiti wake wa mwaka 1976 aliwafuatilia watoto watano wa familia za wazungumzaji wa Kihispania huko California, kila mmoja akicheza na rafiki anayejua Kiingereza. Mmoja wao, anayetajwa kwa jina la Nora, aliwapita wenzake wote. Nora alianza kwa kudaka sentensi nzimanzima kutoka kwa rafiki yake, akazitumia hata pale zisipokaa sawasawa. Swali la "How do you do these?" alilisema kwa kila kitu. Kisha akaanza kuongeza maneno mkiani, halafu akabadilisha ya katikati, na baada ya muda akawa anaunda maswali yake mwenyewe. Sarufi aliipata ndani ya sentensi alizokuwa amezizoea mdomoni.

Katika sentensi zote ambazo mtu angeweza kuzizoea, za adabu ndizo bora za kuanzia. Ni fupi, zinahitajika kila siku, na anayeambiwa hulainika na kuwa mvumilivu kwa makosa yatakayofuata. Zaidi ya hayo, mtoto wa Katavi anaijua kazi ya adabu vizuri. Amelelewa kwenye shikamoo, hodi na samahani. Hawezi kumwambia mama mwenye duka "nipe chumvi" kwa sauti ya amri. Atasema "naomba chumvi, mama". Lakini kwa Kiingereza kijana huyohuyo husema "Give me salt" au "I want the doctor", kwa sababu ndivyo alivyokuta kwenye orodha ya vitenzi. Anaonekana mkorofi wakati si mkorofi. "Could I have some salt, please?" ni maneno machache tu zaidi, na yanamrudishia heshima yake aliyolelewa nayo.

Heshima ya aina hiyo haina kabila. Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao ya mwaka 1978, walilinganisha Kiingereza, Kitamil cha kusini mwa India na Kitzeltal cha Mexico, lugha zisizo na undugu wowote, wakakuta watu wote hao wanazungushazungusha ombi ili wasimbane anayeombwa. Kijana wa Kabungu anachojifunza ni maneno tu. Tabia anayo.

Katika maneno hayo, yapo machache yenye thamani kuliko mengine, na ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Ni yale ya kumwokoa mzungumzaji aliyekwama: "Sorry, could you say that again, please?", "Could you speak a bit more slowly?", "Excuse me, what do you call this in English?" Asiyekuwa nayo, akishindwa kuelewa neno moja, hutabasamu na kuitikia "yes", na mazungumzo yanafia hapo. Aliye nayo anaweza kukaa na mgeni nusu saa akiwa na msamiati mdogo sana, na kila mara anapouliza anaondoka na neno jipya. Kama mwalimu ana nafasi ya kufundisha sentensi tatu tu kwa mwaka mzima, afundishe hizi.

Faida yake mkoani iko wazi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa 1974, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na viboko na nyati wake wanawaleta wageni kutoka mbali kupitia Sitalike. Mwongoza wageni anaweza kujua majina ya ndege wote wa hifadhi na bado akashindwa kumzuia mtalii anayetaka kushuka kwenye gari bila kumkasirisha. "Would you mind staying in the car, please?" inalinda uhai na inalinda ajira. Hali ni hiyohiyo kwa mhudumu wa nyumba ya wageni mjini Mpanda, kwa nesi anayefanya kazi na daktari mgeni, na kwa kijana anayepiga simu kuulizia kazi Dar es Salaam.

Njia ya kufanyia mazoezi haihitaji fedha. Sentensi tano kwa wiki zinatosha, mradi zisemwe kwa sauti na kwa wawili wawili, si kwa kuimba darasa zima. Mmoja awe muuza duka, mwingine mnunuzi. Kesho mpokea wagonjwa na mgonjwa. Kila siku kipande kimoja kibadilishwe: chumvi iwe sabuni, sabuni iwe daftari, "could I have" iwe "could you show me". Mtaalamu wa ufundishaji wa lugha Paul Nation wa New Zealand aliandika mwaka 1989 kuhusu zoezi jingine zuri: mwanafunzi anaeleza jambo kwa dakika nne, analirudia kwa mtu mwingine kwa dakika tatu, kisha kwa mtu wa tatu kwa dakika mbili. Kadiri muda unavyopungua, kusitasita nako kunapungua. Shule zenye hotuba ya asubuhi, ile "morning speech", zinaweza kuliingiza zoezi hili bila kubadilisha ratiba. Na vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Mwalimu aliyepata kimoja anaweza kumrekodi mwanafunzi leo, akamrekodi tena mwezi ujao, na mtoto akajisikia mwenyewe alivyosonga mbele.

Kubadilisha ni lazima. Kauli isiyobadilishwa hugeuka wimbo, na wimbo haumsaidii mtu. Wako watoto wanaoingia darasani wakitetemeka kwa malaria na bado wanaitikia "We are fine" pamoja na wenzao, kwa kuwa hawajawahi kupewa jibu jingine. "I'm not feeling well today, teacher. May I go home, please?" ni sentensi ambayo kila mtoto wa darasa la tatu anapaswa kuimiliki, na akiitumia kwa kweli mara moja hataisahau maisha yake yote.

Kinachoua juhudi hizi kuliko uhaba wa vitabu ni woga. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa Kenya ya wakoloni walivyochapwa au kuvishwa kibao cha fedheha kwa kosa la kusema Kigĩkũyũ shuleni. Mabaki ya tabia hiyo bado yapo Afrika Mashariki. Kwenye shule kadhaa za Tanzania kuna bango la "No English, No Service", na mwanafunzi asiyejua kuomba kwa Kiingereza anaondoka bila huduma aliyoifuata. Bango hilo linamfundisha kunyamaza. Kicheko cha wenzake kinamalizia kazi.

Wakuu wa shule wa Kabungu na kata jirani wana uwezo wa kubadilisha hili muhula huu bila kusubiri waraka kutoka Dodoma. Bango lishushwe, na mahali pake pabandikwe sentensi tano za wiki, kubwa na za kusomeka: za kuomba, kushukuru, kuomba radhi, kuuliza tena, kukataa kwa upole. Anayekuja ofisini asaidiwe kuisema anayoihitaji, kisha ahudumiwe. Anayemcheka mwenzake aliyekosea aonywe kama mkosaji mwingine yeyote. Na mzazi ambaye hajui Kiingereza asijitoe: jioni amwombe mwanawe amfundishe sentensi aliyojifunza mchana, na yeye airudie kwa sauti mbele yake.