Si Kichwa Ngumu! Huenda Huyo Beshte Yako Ana ADHD

Kila daro huwa na huyu msee. Odijo akigeukia ubao tu, yeye ashasimama. Swali halijaisha, jibu limetoka. Sweta amepoteza, buku amepoteza, na ripoti ikifika kwa mathe, ni kichapo.

Sasa skiza. Huenda si utundu. Kuna hali ya ubongo inaitwa ADHD. Huanza utotoni na mara nyingi iko kwa familia. Mtu anajua vizuri cha kufanya, shida ni breki: kutulia, kungoja zamu, kumaliza alichoanza.

Lakini usijipe hilo jina juu umekesha TikTok na asubuhi hesabu haziingii. Hiyo ni usingizi. Daktari huangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 ama zaidi, na ziko kila mahali, shuleni na kwa keja. Kama ni kwa somo moja tu, pengine ni hilo somo limekushinda.

Madem ndio husahaulika sana. Wengi wao hawaruki ruki. Wanakaa kimya, mwili uko daro, akili imeshapanda mat kitambo. Kwa sababu hawasumbui mtu, hakuna anayeshtuka.

Na hii kitu si mwisho wa maisha. Simone Biles alitoka Olimpiki za Rio 2016 na dhahabu 4. Mwaka huo huo, wadukuzi wakamwaga rekodi zake za matibabu. Yeye akasema wazi: ana ADHD tangu akiwa mtoi, anatumia dawa, na haoni aibu.

Ukijiona hapa, anza hivi. Ongea na mzazi ama mwalimu wa ushauri, halafu uulize hospitali kuhusu kliniki ya afya ya akili. Dawa ni za daktari, usiwahi kuazima za beshte. Ukisoma, kata kazi vipande: dakika 20 buku, 5 nyoosha miguu, na simu ikae chumba kingine. Ukikosa wa kuongea naye, piga 116, ni bure.

Na wewe mzazi unayesoma hii kwa simu ya mtoto: kiboko kilipigwa marufuku shuleni Kenya tangu 2001. Hata nyumbani, hakijawahi kutengeneza breki za mtu.