Apdeti Inakula Bando, Lakini Kirusi Kitakula Kazi Yako Yote

Pita stationeri yoyote Bukoba mjini au Muleba kipindi cha maombi ya mkopo wa chuo. Utakuta foleni, kila mtu na flashi yake mkononi. Flashi hiyohiyo asubuhi ilikuwa shuleni, mchana ipo stationeri, jioni nyumbani. Kirusi kikiingia sehemu moja, kinazunguka wilaya nzima bila nauli.

Sasa fikiria AMCOS ya kahawa ambayo kilo za wakulima wote zimeandikwa kwenye kompyuta moja. Ikivamiwa msimu wa malipo, nani atajua nani anadai nini?

Kwa nini watu hawaapdeti?

Sababu zinaeleweka. Bando linaisha kabla ya wiki kwisha. Mashine inakuwa nzito. Unachapa barua ya mteja, ghafla kompyuta inataka kujizima na kujiwasha. Umeme nao ukikatika katikati ya apdeti, unaweza kuishia kwa fundi.

Kwa nini ufanye hivyohivyo?

Antivirusi ni kama mlinzi wa geti mwenye picha za wezi. Kama picha zake ni za mwaka juzi, mwizi wa leo anapita huku anasalimiwa.

Mfano upo. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa apdeti ya kuziba tundu kwenye Windows. Wengi wakaipuuza. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo, kikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Ndani ya siku chache kilifika kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Uingereza, hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwepo miezi miwili kabla!

Fanya hivi:

1. Windows 10 na 11 zina Defender ya bure. Hakikisha imewashwa na inapata apdeti.

2. Apdeti kubwa ipakue kwa bando la usiku, laptop ikiwa imejaa chaji.

3. Skani flashi kabla ya kuifungua. Ukikuta mafolda yamegeuka shotikati, usikimbilie kuifomati. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu.

4. Achana na antivirusi za kukraki. Nyingine zinakuja na kirusi ndani.

5. Kama bado unatumia Windows 10, jua kwamba Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kama mashine inaruhusu, hamia 11.

6. Weka nakala ya kazi muhimu sehemu nyingine, maana hakuna antivirusi inayokamata kila kitu.

Bando likiisha utanunua jingine. Daftari la wakulima likipotea, hakuna duka linaloliuza. Wewe mara ya mwisho umeapdeti lini?