MASHINDANO YA MOTOKARI: UTAMU WA MUCHEZO UNATOKA WAPI?

Katika miji yetu ya mines muchezo wa kwanza ni mupira wa miguu. Hilo tunajua wote. Lakini siku ya Mungu, kisha ibada, kuna vijana wanaokaa mbele ya televizyo kutazama Fomula 1, ndiyo mashindano ya motokari yaliyo makubwa kupita yote. Na mara nyingi utasikia mumoja anasema: «Aa, hii leo inachosha! Yule wa mbele amekwisha kushinda tangu mwanzo.» Mwingine anajibu: «Wabadilishe sheria, tupate kuona vita.»

Mazungumuzo haya si ya vijana wetu tu. Wakubwa wa muchezo wenyewe wamekuwa wakijiuliza neno hilo kwa miaka mingi: inafaa kubadilisha kitu gani ili watu wasilale usingizi? Sisi wakristo tunaweza kujifunza kitu hapa. Maana ulizo hili, chini yake, ni ulizo juu ya haki, juu ya uzima wa mutu, na juu ya vile tunavyotafuta furaha.

KWA NINI INACHOSHA?

Mashindano haya ya ubingwa wa dunia yalianza mwaka 1950, kule Silverstone, Uingereza. Motokari zinapita kilometa 300 kwa saa. Namna gani kitu cha mbio kama hiyo kinaweza kuchosha?

Tuchukue mufano wa Monaco, mwaka 2024. Barabara za mji ule ni nyembamba sana, na motokari za leo ni pana na ndefu. Siku ile wale 10 wa kwanza walimaliza kwa mupango uleule waliokuwa nao wakati wa kuanza. Wa kwanza alibaki wa kwanza, wa pili wa pili, mpaka wa kumi. Haikutokea hata mara moja mbele ya hapo katika historia ya Fomula 1.

Sababu ya kwanza ni upepo. Wewe unayesafiri barabara ya Kolwezi wakati wa kiangazi unajua ginsi ilivyo kufuata kamyo kubwa ya mawe: vumbi inakuja yote kwako, huoni njia, unarudi nyuma. Motokari ya Fomula 1 nayo inaacha nyuma yake upepo uliochafuka. Motokari hizo zinashikwa chini kwa nguvu ya upepo unaopita juu ya mabawa yake na chini ya tumbo lake. Upepo ukichafuka, ile ya nyuma inapoteza nguvu ya kushika barabara, inateleza katika kona, mipira yake inapata moto na kulika upesi. Wenye muchezo walipima wakaona kwamba motokari ya mwaka 2021, ikiwa metre 20 nyuma ya mwenzake, ilipoteza asilimia 35 ya nguvu ile. Ikikaribia metre 10, ilipoteza asilimia 46. Basi shofere, hata akiwa hodari namna gani, atapita vipi?

Sababu ya pili ni feza. Mwenye mafranga mengi anajenga motokari nzuri, anashinda, kwa sababu ameshinda anapata mafranga tena. Ekipe ya Mercedes ilitwaa ubingwa wa ekipe mara 8 mufululizo, tangu 2014 mpaka 2021. Mwaka 2023 Red Bull ilishinda mashindano 21 kwa 22, na Max Verstappen peke yake alishinda 19. Hatuwezi kuwalaumu, walifanya kazi yao vizuri. Lakini mutazamaji anajua mwisho wa hadisi mbele ya kuanza.

DAWA ZISIZOPONYA

Wakubwa walijaribu dawa nyingi. Mwaka 2014 walisema shindano la mwisho wa mwaka litahesabiwa mara mbili. Watu wakauliza: kwa nini siku moja iwe na bei ya siku mbili? Mwaka uliofuata ikaondolewa. Mwaka 2016 walileta namna mpya ya kupanga nani ataanza mbele, ya kufukuza mumoja mumoja kila dakika na nusu. Kisha mashindano mawili tu, wakaitupa.

Tangu 2011 mpaka 2025 kulikuwa DRS: shofere wa nyuma, akiwa karibu ya mwenzake kwa sekunde moja, aliruhusiwa kufungua bawa la nyuma apate mbio zaidi. Ilisaidia watu wapitane, ni kweli. Lakini wengi walisema kupita kwa namna ile ni kama kupita mutu aliyefungwa mikono.

Na Monaco? Mwaka 2025 walilazimisha kila shofere abadilishe mipira mara mbili, ili mambo yachanganyike. Matokeo yake ni nini? Ekipe nyingine zikatumia akili: shofere mumoja anatembea polepole makusudi, anaziba njia, ili mwenzake wa ekipe apate nafasi ya kuingia kwa mafundi na kutoka bila kupoteza kitu. Sheria iliyoletwa ili kuongeza mbio ikazaa watu wanaotembea polepole! Mutu akitungiwa sheria bila sababu ya ndani, anatafuta mulango wa nyuma. Wazazi wanalijua hili katika nyumba zao.

UTAMU UNAOUZA HAKI

Sasa tufike kwenye jambo zito. Tarehe 12 Desemba 2021, kule Abu Dhabi, Lewis Hamilton na Max Verstappen walikuja kwenye shindano la mwisho wakiwa sawasawa kabisa, kila mumoja na alama 369.5. Hamilton aliongoza. Zilipobaki duru chache, motokari moja ikagonga ukuta, na motokari ya ulinzi ikatoka kuongoza wote polepole. Verstappen akaingia kuweka mipira mipya, Hamilton akabaki na ya zamani.

Kati yao wawili kulikuwa motokari 5 za watu waliobaki nyuma kwa duru nzima, na nyingine 3 zilikuwa nyuma zaidi. Muamuzi mukubwa, Michael Masi, akaruhusu zile 5 tu zitoke njiani, kisha akafungua shindano kwa duru moja tu ya mwisho. Verstappen akapita, akawa bingwa. Watu milioni nyingi waliruka katika viti vyao. Kwa utamu tu, hakuna siku iliyopita ile.

Lakini je, ilikuwa haki? Verstappen hakuiba kitu, aliendesha kwa nafasi aliyopewa. Ulizo ni juu ya sheria. Masi aliondolewa katika kazi ile mwezi wa pili wa mwaka 2022. Uchunguzi wa FIA, shirika linalosimamia muchezo huu duniani, ulisema kulikuwa kosa la kibinadamu, na kwamba alifanya kwa nia njema. Tena neno la sheria likabadilishwa ili liseme wazi kwamba motokari «zote» za nyuma zinaondoka, si baadhi tu. Ona, ndugu: neno moja tu, na ubingwa wa mwaka muzima umesimama juu yake.

Muzee Paulo anamukumbusha Timoteo kwamba mwenye kushindana hapati taji asipofuata sheria za mashindano (2 Timoteo 2:5). Na Mezali 11 inatuambia ginsi Mungu anavyochukia mizani ya udanganyifu. Sisi wa mines tunaelewa mizani! Muchimbaji anayeleta mufuko wake wa mawe, akikuta kilo zimepunguzwa na asilimia imeshushwa, anajua uchungu wake. Muchezo usio na mizani ya kweli ni kama soko lile. Unaweza kupendeza macho siku moja, lakini moyo unakataa.

Kuna kibaya zaidi. Mwaka 2008 kule Singapore, shofere mumoja wa ekipe ya Renault aligonga ukuta kwa makusudi, kwa mupango wa ekipe yake, ili mwenzake apate kushinda. Watu walifurahi siku ile kwa shindano la ajabu. Mwaka 2009 siri ikafunuliwa. Furaha yote ikageuka haya.

UTAMU UNAOUZA UZIMA

Kuna watu wanaosema: «Zamani ilikuwa tamu kwa sababu ilikuwa hatari.» Tuangalie zamani hiyo. Kule Imola, Italia, tarehe 30 Aprili 1994, Roland Ratzenberger alikufa. Kesho yake, tarehe 1 Mei, Ayrton Senna, bingwa mara tatu, naye akafa, dunia yote ikitazama. Mwaka uleule kuweka esansi katikati ya shindano kulikuwa kumerudishwa. Mwezi wa saba, kule Hockenheim, Ujerumani, esansi ilimwagika juu ya motokari ya Jos Verstappen, babake Max, na moto ukawaka juu yake na juu ya mafundi. Kwa neema walipona. Tangu 2010 kazi ile imekatazwa.

Kisha Imola wakatengeneza barabara, ukuta na motokari, na miaka 20 ikapita bila ajali ya kuua shofere katika shindano la Fomula 1. Halafu mwaka 2014 Jules Bianchi aliumia sana kule Japani, akafa mwaka 2015.

Mwaka 2018 wakalazimisha halo: chuma cha titaniumu kinachozunguka kichwa cha shofere, cha uzito wa kilo karibu 7. Wengi walichukia. Walisema ni kibaya kwa macho, kinaharibu uzuri wa motokari. Mumoja wa wale wasiokitaka alikuwa Romain Grosjean, Mufaransa. Tarehe 29 Novemba 2020, kule Bahrain, motokari yake iliingia ndani ya ukuta wa chuma, ikakatika vipande viwili, ikawaka moto. Alikaa ndani ya moto sekunde karibu 28. Akatoka kwa miguu yake, na mikono imeungua. Yeye mwenyewe akasema kwamba bila halo hangekuwa hai.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu aliamuru watu wake, wakijenga nyumba, wazungushe ukuta mudogo juu ya dari, mutu asianguke akafa. Ukuta ule haukuongeza uzuri wa nyumba. Ulilinda damu. Halo ni ukuta wa namna ile. Kaski ya muchimbaji ni ukuta wa namna ile. Tena mbao za kushikilia udongo ndani ya shimo, nazo ni vilevile. Anayesema «zinachelewesha kazi» amekwisha kusahau hesabu ya damu.

DAWA ILIYOSAIDIA

Je, basi, muchezo usibadilishwe? Hapana, ubadilishwe! Lakini kwa namna inayosimamisha haki.

Mwaka 2021 waliweka mupaka wa feza: ekipe isipite dola milioni 145 kwa mwaka katika kazi ya motokari, na mambo mengine kadiri hayahesabiwi. Ekipe kubwa zilikuwa zinatumia zaidi ya hapo mbali sana. Tena waliamua kwamba ekipe iliyoshinda inapata saa chache za kupima motokari yake katika upepo, na ile ya mwisho inapata nyingi. Mwaka 2022 wakabadilisha umbo la motokari. Kwa metre 20, mwenye kufuata alipoteza asilimia 4 tu ya nguvu, pahali pa 35.

Matunda hayakuonekana siku moja. Mwaka 2023 Red Bull ilishinda karibu yote, kama nilivyosema. Lakini mwaka 2024 washofere 7 walishinda, kila mumoja mara mbili ao zaidi, na McLaren ikatwaa ubingwa wa ekipe, jambo lisiloonekana tangu 1998. Mwaka 2025 Lando Norris akawa bingwa kwa alama 423, Verstappen 421. Alama mbili tu kisha mashindano 24! Huo ni utamu, wala haukutengenezwa kwa hila ya siku moja.

Hii inanikumbusha sheria ya Yubile katika Walawi 25. Mungu alijua kwamba mwenye shamba ataongeza shamba mpaka maskini asiwe na pa kusimama. Basi akaweka mwaka wa kurudisha, ili kila jamaa ipate kuanza tena.

Sheria za mwaka 2026 nazo zimeleta motokari ndogo na nyepesi kidogo, DRS imeondolewa, na karibu nusu ya nguvu inatoka kwa umeme wa batri. Sisi wa Katanga tusikie vizuri neno hilo, batri. Kobalti ya udongo wetu inaingia katika batri nyingi za dunia. Wanaotafuta mbio mupya kule Bulaya na wanaochimba huku wamefungwa kwa kamba moja. Ni halali yetu kuuliza kama kuta za kulinda uzima zilizojengwa kule zinajengwa pia huku.

KWETU SISI

Vijana, ninyi munaopanda moto katika barabara zetu, mbio ya Fomula 1 iko na kaski, halo, munganga karibu, na barabara iliyofungwa. Barabara yetu iko na mama anayebeba mutoto na watoto wanaotoka masomo. Usichukue mbio yao bila kuchukua ulinzi wao.

Na sisi viongozi wa kanisa, tusicheke. Tukiona watu wanachoka, tunataka kuongeza kelele, vyombo na maajabu. Pengine kinachokosekana si kelele, bali haki kati ya wazee na vijana, na ukweli katika hesabu ya sadaka. Hayo yakitengenezwa, watu hawatalala usingizi.

MAZUNGUMUZO KATIKA JAMAA

1. Soma 1 Wakorinto 9:24-27. Paulo anasema taji letu ni la namna gani?
2. Katika kazi yako ao masomo yako, sheria gani inakuchosha lakini inalinda uzima wa mutu?
3. Ukishinda kwa sababu muamuzi amekusaidia, utafanya nini?