Je, Wajua? Waliouzwa Walikuwa na Majina

Je, wajua kwamba katika sensa za 1850 na 1860 serikali ya Marekani iliandika umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa, lakini majina karibu yote iliyaacha? Aliyeandikwa jina ni bwana wake. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina watu hao waliokuwa wamekombolewa, na ndiyo maana Wamarekani weusi wengi wanaotafuta mababu zao hukwama hapo.

Je, wajua kwamba kuna Wazigua wa Somalia? Katika karne ya 19 Wazigua, Wayao, Wamakua na wengineo walisafirishwa kwa majahazi hadi Barawa, Marka na Mogadishu, wakatumikishwa mashambani katika bonde la Shebelle. Waliotoroka waliingia msitu wa Mto Juba, wakafyeka, wakajenga vijiji vyao na kuvilinda kwa silaha. Simulizi za Wazigua zinamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Watoto waliozaliwa Juba, na wajukuu wao ambao hawakuwahi kuiona Handeni, kwao asili katika Tanzania ya leo, waliendelea kusema Kizigua, ilhali majirani waliwaita watumwa kizazi baada ya kizazi.

Vita vya 1991 vilipozuka Somalia, wakulima hawa walikuwa na nafaka ghalani lakini hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwatetea. Waliporwa, wakauawa. Wengi walikimbilia kambi ya Dadaab, Kenya, na kuanzia 2003 maelfu yao walihamishiwa Marekani. Wengine walishuka hadi Tanga, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia wa Tanzania. Katika makaratasi waliitwa wakimbizi. Kwangu mimi, hao ni watu waliorudi kwao.

Je, wajua kwamba Durban, Afrika Kusini, kuna jamii iitwayo Wazanzibari ambayo asili yake hasa ni Wamakua wa Msumbiji? Manowari za Uingereza ziliwakamata mababu zao wakiwa ndani ya majahazi ya watumwa, na kuanzia 1873 wakapelekwa koloni la Natal, ndiko Durban iliko. Uhuru wenyewe ulianza kwa kufungwa mikataba ya kazi kwa walowezi! Baadaye serikali ya makaburu ikawaorodhesha kuwa Waasia wa aina nyingine na kuwahamishia Chatsworth. Hata hivyo hawakuuacha Uislamu wao, wala kumbukumbu ya Umakua wao.

Wasidi wa India je? Hao ni wazao wa Waafrika, na wa jimbo la Karnataka walitambuliwa mwaka 2003 kuwa miongoni mwa makabila yanayolindwa na katiba. Mwaka 2020 Shantaram Siddi akawa Msidi wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria la jimbo hilo.

Na Mombasa, ukipita Kengeleni, unapita penye kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa 1875 kwa ajili ya waliokombolewa utumwani. Wazao wao wangali wanaishi pwani yetu, na bado wapo wanaowatupia asili hiyo usoni wakati wa ugomvi au wanapokataa posa. Msomaji, ukilisikia tusi hilo nyumbani kwako, likataze hapo hapo. Na kama una mzee anayekumbuka jina la babu aliyeletwa kwa jahazi, kaa naye wiki hii uliandike jina hilo, na la kijiji chake pia.